Mishumaa Niliyoizima Kaburini kwa Sista Gaudensia

Sista msimamizi ameniomba niwaandikie ninyi wawili mnaochukua nafasi yangu, ili msianze kazi kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi. Nimekubali, ingawa mkono wangu umezoea ufagio kuliko kalamu. Nitasema mambo ya kazi jinsi yalivyokuwa: ndoo, kisu, lango, mahujaji na miguu yao. Lakini niseme mapema kwamba kuna mama mmoja hapa Kinoo niliyemkosea nikiwa kazini, tena kwa bidii ya kazi, na hadi siku niliyorudisha funguo nilikuwa sijamwomba msamaha. Mengine yote mtayajua wenyewe mkizoea. Hili la mama huyo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa atakayeyasoma haya bila kutujua, mimi ni Linus, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtunzaji wa kaburi la Sista Gaudensia. Huyu alikuwa mtawa na muuguzi. Enzi zake alifanya kazi katika zahanati ndogo ya Parklands, mahali ambapo siku hizi pana maghorofa ya kupangisha, na kila Jumamosi alitembea kwa miguu hadi Kinoo kuwaosha vidonda wagonjwa ambao jamaa zao waliwaficha nyumbani. Alipofariki alizikwa katika shamba la masista, juu kidogo ya Waiyaki Way. Watu wakaanza kuja kaburini. Kwanza walikuja wale aliowaosha, kisha watoto wao, kisha watu ambao hawakuwahi kumwona hata kwa picha. Kanisa bado halijamtangaza kuwa mwenye heri, sembuse mtakatifu. Habari zake ziko kwenye uchunguzi, na uchunguzi wa Kanisa haukimbizwi na mtu.

Mimi niliingia hapo kuchimba mtaro. Nilikuwa kijana kutoka upande wa Kakamega, nimekuja Nairobi kutafuta kibarua, na masista walikuwa na maji ya mvua yaliyokuwa yakiingia jikoni. Siku ya tatu Sista Imelda, aliyesimamia nyumba, alikuja akasimama ukingoni mwa mtaro akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama najua kunyamaza. Hilo sikujibu, na nadhani ndiyo sababu nilipata kazi.

Alinipa ndoo, brashi, kisu butu cha kupakia siagi na shada la funguo ambazo nyingine hazikufungua chochote. Akanipeleka kaburini. Lilikuwa bamba la terazo la kijivu lenye jina na msalaba, na juu yake nta ya mishumaa ilikuwa imetiririka ikagandamana, nyeupe na nyekundu, na maua yaliyooza kwenye chupa za soda, na rozari, na karatasi zilizosokotwa zikasokomezwa kwenye nyufa.

“Linus,” akasema, “hapa hatuna mtakatifu. Hapa tuna kaburi. Jioni ukifunga lango, nataka kaburi lionekane kama la mtu yeyote.”

Nikamuuliza kwa nini, kwa sababu hao watu wote walikuja kwa imani. Akanieleza pale pale, mimi nimeshika ndoo. Kanisa likitaka kumtangaza mtu, huleta tume ya kuchunguza, na jambo mojawapo linaloangaliwa ni kama watu wamekwisha kumfanya mtakatifu kabla ya Kanisa kusema. Wakikuta madhabahu juu ya kaburi lake, au sanamu yake yenye mwanga kichwani, au watu wanamtaja kwenye litania, kesi inaweza kukwama. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwazuia watu wasimheshimu kupita kiasi, ili siku moja waruhusiwe kumheshimu bila kiasi. Nililala usiku huo nikilicheka jambo hilo peke yangu. Baadaye niliacha kucheka.

Sasa mambo ya mkono. Nta isimwagiwe maji ya moto, maana itayeyuka na kuingia ndani ya terazo, na hapo hutaitoa tena. Iache igande, ulaze kisu, usukume kwa upole kama unayekwangua ukoko wa sufuria. Itakayobaki, weka gazeti juu yake upitishe pasi ya makaa isiyo kali, gazeti litaivuta. Maua ya chupa yamwagwe kila siku hata yakiwa mazuri, kwa sababu maji hayo huzaa mbu, na masista wanaolala karibu hawana haja ya kuugua kwa ajili ya uchaji wa wengine. Karatasi za maombi zitoe kwa kijiti, uzitie guniani bila kuzisoma. Mwisho wa mwezi zinachomwa nyuma ya jiko, na sista mmoja akisali. Zilizokunjwa sikuzifungua hata moja. Lakini wapo wanaoandika kwa herufi kubwa upande wa nje, na macho hayana mlango.

Hija yenyewe ni fupi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mahujaji hukusanyika katika kanisa moja katikati ya jiji kwa Misa ya alfajiri, kisha hutembea hadi Parklands, na kutoka hapo hufuata njia aliyoipita Sista, wakipitia Westlands na kushika Waiyaki Way hadi kwetu. Mtu mwenye miguu mizima hufika kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa wa nyuma kabisa. Kazi ya wa nyuma ni kuhakikisha hakuna anayeachwa, na mfuko wake una plasta, chumvi, glukosi na pea moja ya raba kuukuu. Mnunue raba kubwa. Mwenye mguu mdogo atajaza soksi, mwenye mguu mkubwa hana la kufanya.

Kila mwezi hakukosa mama aliyekuja na viatu vipya. Alikuwa anataka kumwendea Sista akiwa amependeza, na kufika Museum Hill alikuwa amevishika mkononi. Hawakukosa pia wale waliopotea Westlands na kuonekana tena Uthiru, mbele yetu, viatu visivyo na vumbi, wakijiunga na rozari kwenye tendo la nne kana kwamba hawakukosa lile la pili na la tatu. Sikuwahi kuwasema. Parklands kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyetoa meza nje ya lango lake na kupanga gilasi za maji kila Jumamosi hiyo. Hakuwa Mkristo. Mama yake ndiye aliyemwambia kwamba yule sista mweusi mwenye kikapu alimzalisha, na kwamba yeye ndiye mtoto mwenyewe. Tulikunywa, tukamshukuru, akakusanya gilasi zake.

Tatizo kubwa la siku za mwanzo lilikuwa picha. Nje ya kanisa la mjini kulikuwa na kijana muuzaji aliyechapisha picha ya Sista Gaudensia akiwa na duara la mwanga nyuma ya kichwa. Nilimwendea nikamwambia aliondoe.

“Ai, buda,” akaniambia, “bila hiyo duara hii ni passport tu. Nani atabuy passport ya sista?”

“Hajatangazwa. Unaharibu kesi yake.”

“Kesi gani? Si ni mtu mpoa?”

“Ndiyo maana kuna kesi.”

Alinitazama akatikisa kichwa, na kusema kweli hata mimi nilijisikia mjinga. Mwezi uliofuata alileta picha bila duara, ila alikuwa ameweka jua linalochomoza nyuma yake, na jua hilo lilikuwa mviringo kabisa. Nikaona nimeshindwa kwa haki.

Kilichonibadilisha tabia kilikuja mwaka wa tatu au wa nne. Kikundi cha wanakwaya kutoka mtaa mmoja wa mbali kilifika wakati mimi nikiwa nyuma na mzee aliyekuwa amechoka. Nilipoingia langoni walikuwa wameweka taji la maua juu ya jina la Sista, mishumaa imezunguka kaburi lote, na wanaimba litania, na katikati ya majina ya watakatifu wakaingiza la kwake: “Mtakatifu Gaudensia, utuombee.” Kulikuwa na padre mgeni siku hiyo. Aliandika barua ya kulalamika.

Sista Imelda aliniita jikoni. Hakupandisha sauti, sikuwahi kumsikia akiipandisha. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliniambia, “Linus, ukiniangusha hapa, umewaangusha wote waliotembea.” Kisha akaendelea na maharagwe. Nilisimama pale hadi nikajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kuanzia siku ile sikungoja jioni. Yeye alikuwa ameniambia kaburi liwe tupu nikifunga lango. Mimi nikaamua liwe tupu saa zote. Mtu akiwasha mshumaa, nilingoja amalize Salamu Maria chache, nikauzima kwa vidole vilivyoloweshwa maji, nikautia ndooni. Hakuna aliyeniagiza hivyo. Nilijiagiza mwenyewe, na niliona fahari. Wageni walisifu usafi wa mahali. Sista Imelda alizeeka, akawa haoni vizuri, kisha akafariki, na hakuna aliyebaki wa kunirekebisha. Masista waliomfuata walidhani ndivyo alivyonifundisha.

Ndipo alipokuja Mama Kelvin.

Aliuza parachichi na ndizi kwenye kibanda hapa Kinoo, chini ya steji ya matatu, na nilimjua kwa sura kama tunavyojuana wote. Kelvin alikuwa mwanawe wa kwanza, kwa hiyo sisi sote tulimwita hivyo. Binti yake mdogo alikuwa amelazwa hospitalini mjini, figo zimegoma. Mama alilala huko wodini mara nyingi, na Jumamosi ya hija aliondoka kitandani kwa mtoto, akaja kwenye Misa, akatembea nasi hadi kwetu, akasali, akarudi tena mjini kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa. Mahujaji wengine walitembea kwa nyimbo. Yeye alitembea kama mtu anayewahi kufika kabla duka halijafungwa. Mara nyingi mimi wa nyuma sikumwona kabisa, nilimkuta tayari amepiga magoti.

Kila mara alikuja na mshumaa mmoja, mweupe, wa kawaida, wa kumulikia umeme ukipotea. Aliuwasha, akamwaga tone la nta juu ya terazo, akausimamisha hapo, chini ya jina. Na kila mara niliuzima. Mwezi wa kwanza nilingoja asimame. Mwezi wa pili nilingoja ageuke. Kufika mwezi wa nne sikungoja sana. Nilikuwa na watu mia, na lango, na mzee wa kisukari aliyekuwa amekaa chini, na nilifanya kama ninavyofanya kwa wote.

Mwezi wa sita aliniona. Hakusimama. Alibaki amepiga magoti, akaniinulia uso.

“Mzee, si uiache tu iishe? Ni kadogo.”

“Mama, siwezi. Hairuhusiwi.”

“Nani amekataa?”

“Kanisa. Nikiacha mishumaa hapa, Sista hatakuwa mtakatifu.”

Akautazama ule moshi mwembamba unaobaki mshumaa ukizimwa. Kisha akasema, “Mimi sitaki awe mtakatifu, Mzee. Nataka anisikie.”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi wakati huo. Nikamwambia kwamba Sista anasikia bila mshumaa, na kwamba utii nao ni sala. Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyekosolewa na mwalimu, akajifunga lesso yake vizuri, akaondoka. Mwezi wa saba alikuja bila mshumaa. Alipiga magoti mbali kidogo na kaburi, karibu na ua, kana kwamba anaogopa kukanyaga mahali pasipofaa. Mimi nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimwona mbali na kaburi nikafurahi kwamba amenielewa.

Mwezi wa nane hakuja. Akina mama wa jumuiya yake waliniambia njiani, tukiwa tunapita Kangemi, kwamba mtoto alikuwa amefariki na kwamba wanamzika siku hiyo hiyo. Nilisimama kidogo. Kisha mzee mmoja akahitaji plasta, nikainama nikamfunga, tukaendelea. Nilijiambia nitakwenda kumpa pole wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika nilijiambia ameshatulia, nitamwamshia kilio. Ninyi ni vijana lakini nadhani mnazijua hizo hesabu.

Miaka ikapita, barabara ya juu ikajengwa huko Westlands, mahujaji wakajifunza kupita kwenye vumbi na mabati. Halafu tume ikaja.

Walikuwa watatu: padre mwenye nywele nyeupe, sista mmoja, na mwandishi aliyebeba karatasi na muhuri. Walikagua kaburi, wakapima, wakapiga picha, wakaangalia kila ukuta. Kisha wakaniita kwenye chumba cha wageni, wakanishikisha Injili nikaapa kusema kweli. Nilikuwa nimevaa suti niliyooa nayo. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu siku ya maharagwe.

Padre akaniuliza kama nimewahi kuona ibada ya hadhara kaburini. Nikamsimulia ya wanakwaya, na barua, na jinsi jambo hilo halikurudiwa. Yakaandikwa. Akaniuliza kuhusu sanamu na picha, nikamjibu. Kisha nikasema, bila kuulizwa, kwa sababu fahari ilikuwa imenijaa hadi kooni, “Na tena Padre, tangu hapo mshumaa haujawahi kuwaka pale zaidi ya dakika tano. Yote niliizima kwa mkono wangu.”

Kalamu ya mwandishi ilisimama. Padre akavua miwani.

“Kwa nini uliizima, Mzee Linus?”

“Si haikubaliwi?”

“Nani alikuambia?”

Nikafungua mdomo nikakuta sina jina la kusema. Sista Imelda hakuniambia hivyo. Alisema jioni, nikifunga lango.

Padre alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Kinachokatazwa ni Kanisa lenyewe kumheshimu kama mtakatifu kabla ya wakati: madhabahu, sanamu kanisani, kumtaja katika sala za hadhara. Lakini mtu anayekuja peke yake, kwa shida zake, akawasha mshumaa kwenye kaburi la mtu anayemwamini, huyo hajavunja chochote. “Si hata sisi tunawasha kwenye makaburi ya wazazi wetu mwezi wa Novemba?” akaniuliza. Tena, akasema, watu kuja wenyewe kwa imani ndiyo dalili inayotafutwa na tume. Wangependa kuiona.

“Hizo nta ulizokwangua, zilikwenda wapi?” mwandishi akauliza. Nadhani ilibidi aandike kitu.

“Kwenye shimo la takataka,” nikasema.

Sikusikia maswali yaliyofuata vizuri, ingawa niliyajibu na nikatia sahihi. Masista waliniuliza kama kesi imeharibika, nikawaambia Padre amesema haijaharibika, na ni kweli haijaharibika. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya jiwe. Nililia, mzee mzima na suti yangu. Sikuwa nalilia kesi. Nilikuwa namwona yule mama kwenye ua, amepiga magoti mbali.

Mtadhani nilikwenda kwake kesho yake. Sikwenda. Niliacha kuzima mishumaa, hilo nililifanya siku hiyo hiyo, na nyinyi msiizime. Ikifika jioni iondoeni, kisha mkwangue kama nilivyowaeleza. Lakini kwenda kwake kulinishinda. Kibanda chake kiko mwendo wa dakika kumi kutoka langoni. Nilianza kununua parachichi Uthiru, na mke wangu akashangaa ni parachichi gani hizo zinazofuatwa mbali hivyo. Nilikaa hivyo hadi nikastaafu. Nilikuwa najiambia kazi hainipi nafasi ya kusimama pale kibandani, na siku niliyorudisha funguo sababu hiyo nayo ikarudi ofisini.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilikwenda mjini, nikasali Misa ya alfajiri, nikatembea kama hujaji. Nilitaka kufika kwake kwa njia aliyokuwa akiipita yeye. Sijui kama ilikuwa na maana yoyote, labda nilikuwa nachelewesha tu. Kwa mara ya kwanza nilitembea mbele, na nikagundua kwamba mbele hakuna wa kumfunga plasta, mtu hubaki na yaliyo moyoni mwake njia nzima. Pale tunapopinda kuelekea kwa masista mimi sikupinda. Niliwatangulia wenzangu nikateremka hadi stejini.

Alikuwa anapanga parachichi, zile laini upande mmoja, ngumu upande mwingine. Amezeeka kidogo. Alinitambua kabla sijasalimia.

“Ai, ni Mzee wa mishumaa. Karibu. Unataka za leo ama za kesho?”

“Sijakuja kununua, Mama Kelvin. Nimekuja kukuambia kitu.”

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari ya tume, na swali la Padre, na jibu nililokosa. Nilimwambia kwamba mshumaa wake haukukatazwa na mtu. Nilimwambia anisamehe. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi kuanzia Museum Hill lakini yalitoka machache, tena vibaya.

Mteja akaja akataka ndizi. Akamhudumia, akamfungia, akamuaga. Kisha akanigeukia.

“Kwa hivyo haikuwa sheria.”

“Haikuwa.”

“Ilikuwa wewe.”

“Ilikuwa mimi.”

Akashika parachichi moja akaliweka, akalishika tena. “Mimi nilidhani ni mimi,” akasema. “Hii miaka yote. Nilisema, nilienda nikafanya kitu imekatazwa, tena miezi sita, kwa kaburi ya mtu wa Mungu. Nilisema ndio sababu. Baba ya mtoto aliniuliza nilikosea wapi, nikamwambia ni huko.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata anifukuze mbele za watu. Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja, kwamba nilipovizima vile vishumaa nilimwachia lawama, akaibeba hadi nyumbani, akaiweka kati yake na mumewe, akalala nayo. Nikasema, “Mama, si wewe. Naapa mbele za Mungu, hukukosea chochote.”

Akajifuta uso kwa ncha ya lesso.

“Unajua jina lake?” akaniuliza.

“Jina la nani?”

“La mtoto. Yule nilikuwa nawashia.”

Sikulijua. Miezi sita nilizima mshumaa wake kwa vidole hivi, na mwezi wa saba nikafurahi kuukosa, na katika siku zote hizo sikumuuliza mama anamwombea nani. Nilitikisa kichwa. Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata mbele ya padre yeyote.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alivuta kreti ya soda kutoka chini ya meza, akaipangusa kwa kiganja, akaisukuma upande wangu.

“Kaa,” akasema.

Nikakaa.

“Anaitwa Wairimu. Ni jina la mama yangu.” Akaanza kunisimulia, tangu asubuhi aliyozaliwa. Mahujaji wakatokea kule juu wakiimba, wakapinda kuelekea langoni, na mmoja wao akaniona akanipungia mkono nifuate. Mimi sikuinuka.